Kujifungua kwa Upasuaji na Uzito wa Watoto Wetu: Historia Inatufundisha Nini?



Ndugu wasomaji, akina baba, akina mama na vijana wetu mlioko mashuleni na vyuoni, leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo limekuwa likisemwa sana katika majumba yetu, hasa pale tunapokwenda kumpa hongera mama aliyejifungua. Utasikia mmoja anasema, "Watoto wa operesheni huwa wanenenepa ovyo." Mwingine anaongeza, "Huyu hakuzaa, huyu kapasuliwa." Mama wa watu yupo kitandani na kidonda chake, mtoto kamkumbatia, na maneno haya yote anayasikia.

Maneno hayo yana madhara. Wapo akina mama wanaokataa kuingia thieta hata daktari anapowaambia kuwa mtoto amechoka tumboni. Wapo pia wanaoomba kupasuliwa bila ya sababu yoyote ya kiafya, kwa kuogopa uchungu tu. Na wapo wanaolea mtoto huku wakijilaumu kwamba wao ndio waliomletea unene. Kwa hiyo tumeona tuirudie historia ya upasuaji huu tangu mwanzo, kisha tuangalie watafiti wamegundua nini hasa kuhusu uzito wa watoto. InshaaAllah tukimaliza kila mmoja wetu atajua la kusema na la kunyamazia.

Jina la Kaisari na vitabu vya zamani

Katika lugha za Ulaya upasuaji huu umepewa jina la Kaisari, na watu wengi huamini kwamba Julius Caesar, mtawala wa Roma, alizaliwa kwa kupasuliwa tumbo la mama yake. Habari hiyo haielekei kuwa kweli. Mama yake, Aurelia, aliishi mpaka mwanawe akawa mtu mzima na kamanda wa jeshi, na katika zama hizo mwanamke aliyepasuliwa tumbo hakutarajiwa kuishi. Sheria ya Warumi iliagiza kwamba mjamzito akifa, asizikwe kabla mtoto hajatolewa tumboni. Hivyo upasuaji ulikuwa ni kazi iliyofanywa juu ya maiti, kwa kutaraji kwamba mtoto huenda akawa hai.

Waislamu nao waliliandika jambo hili. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 4 na ya 5 Hijria, aligusia kuzaliwa kwa Kaisari katika kitabu chake cha historia na kalenda za mataifa. Nakala moja ya kitabu hicho, iliyoandikwa mwaka 707 Hijria, yaani 1307 hadi 1308 Miladia, imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti, na ndani yake imo picha ya mama akipasuliwa. Katika Uajemi, mshairi Firdausi, aliyemaliza Shahnama yake mwaka 1010, alisimulia kisa cha shujaa Rustam ambaye mama yake Rudaba alipasuliwa ubavuni, mtoto akatolewa, kidonda kikashonwa na mama akapona. Hicho ni kisa cha ushairi, lakini kinatuonyesha kuwa watu waliwaza kwamba ipo siku mama na mtoto wote wawili watatoka salama.

Mafaqihi walijadili suala la mjamzito aliyefariki na mtoto bado anacheza tumboni. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 456 Hijria (1064), aliona kwamba mimba ikiwa imepita miezi sita ni lazima tumbo lipasuliwe na mtoto atolewe, na hoja yake aliijenga juu ya aya ya 32 ya Surat al-Maida inayohusu kuokoa nafsi. Wapo wanavyuoni waliokhitalifiana naye kwa kuchunga heshima ya maiti. Tunalolichukua hapa ni kwamba tangu zamani suala la kisu na uzazi lilikuwa ni suala la kuokoa nafsi. Hakuna aliyeuliza mtoto huyo atakuwa na kilo ngapi akifika miaka mitatu.

Mkasa wa Bunyoro, mwaka 1879

Sasa tuje hapa kwetu Uganda, kwani wengi hawajui kwamba nchi hii imo katika historia ya upasuaji wa uzazi duniani. Mwaka 1879 kijana mmoja wa Kiingereza, Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari na aliyefuatana na wamisionari, alishuhudia upasuaji mahali panapoitwa Kahura katika ufalme wa Bunyoro. Baadaye, mwaka 1884, aliyaandika aliyoyaona katika jarida la madaktari la Edinburgh pamoja na michoro.

Kwa maelezo yake, mama alikuwa ni msichana wa miaka ipatayo 20 na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alilazwa kitandani na kupewa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Pombe hiyo hiyo ndiyo mganga aliyotumia kunawa mikono yake na kuosha tumbo la mgonjwa. Alipasua kwa mkato mmoja wa wima chini ya kitovu, na msaidizi wake akazuia damu kwa kugusisha chuma cha moto mahali palipovuja. Mtoto alitolewa, kisha kondo la nyuma likatolewa, na mfuko wa uzazi ukakandwa kwa mikono mpaka ukajikaza. Mfuko wenyewe haukushonwa. Tumbo lilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa vizuri, ikazungushiwa nyuzi za gome la mti. Juu yake ikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto, kisha akafungwa kwa kitambaa cha gome. Misumari iliondolewa kidogo kidogo katika siku zilizofuata, na Felkin aliandika kwamba siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Mama alikuwa hai na mtoto alikuwa hai.

Tuyapime hayo kwa hali ya Ulaya ya wakati huo. Dawa ya usingizi ilikuwa imeonyeshwa hadharani huko Boston mwaka 1846. Daktari Joseph Lister alikuwa ameandika mwaka 1867 kuhusu kuua vijidudu vya kidonda kwa dawa ya kaboliki. Hata hivyo akina mama wengi wa Ulaya waliopasuliwa walikufa kwa kutoka damu au kwa kuoza kidonda. Mwaka 1876 daktari Eduardo Porro wa Pavia, Italia, aliona njia ya kumwokoa mama ni kuuondoa mfuko wote wa uzazi baada ya mtoto kutolewa, ili damu isimmalize. Mama aliishi, lakini hakuweza kuzaa tena. Ilikuwa mwaka 1882 ndipo Max Sänger wa Leipzig, Ujerumani, alipowafundisha wenzake kuushona mfuko wa uzazi vizuri na kuubakisha.

Mganga wa Kahura hakuibuni kazi ile siku ile. Mpangilio wake na utulivu wa wasaidizi wake ulimfanya Felkin aamini kuwa ni ufundi waliokuwa nao kwa muda mrefu. Basi anayesema kwamba kujifungua kwa kupasuliwa ni jambo la kizungu lililoletwa majuzi, na aende akaulize habari za Bunyoro.

Kutoka upungufu mpaka kupita kiasi

Katika karne ya 20 mambo yalibadilika haraka. Madaktari walianza kupasua sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, ambayo hupona vizuri zaidi, na daktari Munro Kerr wa Glasgow aliieneza njia hiyo kuanzia miaka ya 1920. Kukawa na damu ya kuongezewa mgonjwa, na kuanzia miaka ya 1940 ikapatikana penisilini. Upasuaji ambao zamani ulikuwa karibu na hukumu ya kifo ukawa ni kazi ya kila siku hospitalini.

Kila jambo likiwa jepesi watu hulizidisha. Mwaka 1985 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikutana Fortaleza, Brazil, wakasema kwamba hakuna sababu ya nchi yoyote kuwa na upasuaji zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzazi wote. Mwaka 2015 shirika hilo lilieleza kwamba upasuaji unapozidi asilimia 10 ya uzazi katika nchi, vifo vya akina mama na watoto wachanga havionekani kupungua zaidi, na likasisitiza kwamba la muhimu ni kila mama anayeuhitaji aupate. Lakini dunia ilikuwa inakwenda kwa mwendo mwingine. Mwaka 2000 upasuaji ulikuwa kiasi cha asilimia 12 ya uzazi duniani, na mwaka 2015 ulikuwa umefika asilimia 21. Katika nchi ya Misri, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 52, na ule wa mwaka 2021 ukakuta asilimia 72.

Kwetu sisi picha ni tofauti. Uganda ilikuwa na asilimia 6 katika uchunguzi wa mwaka 2016. Majirani zetu Rwanda walikuwa na asilimia 15 katika uchunguzi wa 2019 hadi 2020, Tanzania asilimia 11 mwaka 2022, na Kenya asilimia 17 mwaka huo huo. Ndani ya nchi hizi kuna mama wa mjini anayepasuliwa bila ya haja, na kuna mama wa kijijini anayehitaji kupasuliwa leo na hospitali iko mbali naye. Huyu wa pili, akikaa na uchungu siku mbili au tatu, anaweza kumpoteza mtoto na yeye mwenyewe akabaki na fistula, mkojo ukimvuja bila kizuizi. Tukizungumzia madhara ya upasuaji, tuwakumbuke wote wawili.

Swali la uzito lilitoka wapi?

Mama na mtoto walipoanza kutoka thieta salama kwa wingi, ndipo wataalamu walipopata nafasi ya kuuliza mtoto huyu atakuaje mbele ya safari. Wakati huo huo unene wa watoto ulikuwa unaongezeka duniani. Mwaka 1975 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri walikadiriwa kuwa milioni 11. Mwaka 2016 walikuwa milioni 124. Mambo mawili yalipopanda pamoja namna hiyo, watu wakauliza kama yana uhusiano.

Njia waliyoifikiria ni ya vijidudu vya tumboni. Tangu mwisho wa karne ya 19, Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris alikuwa amegundua kwamba choo cha watoto wanaonyonya kina bakteria wa aina maalumu, wenye manufaa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa St. Louis, Marekani, walichukua bakteria wa tumboni mwa panya wanene wakawatia katika panya waliolelewa bila bakteria wowote. Panya hao waliongeza mafuta mwilini kuliko wenzao waliopewa bakteria wa panya wembamba. Kisha mwaka 2010 Maria Dominguez-Bello na wenzake waliandika juu ya akina mama 9 na watoto wao 10 huko Puerto Ayacucho, Venezuela. Watoto waliopita njia ya kawaida walikuwa na bakteria kama wa njia ya uzazi ya mama zao. Waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa na bakteria kama wale wa ngozi.

Basi watafiti wakaunganisha: huenda mtoto wa upasuaji anakosa vijidudu vya mwanzo vinavyosaidia mwili kutumia chakula vizuri. Ni dhana yenye mantiki, lakini dhana lazima ipimwe.

Tafiti zilikuta nini?

Mwaka 2012 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya watoto 1,255 waliofuatiliwa tangu wakiwa tumboni. Walipofika miaka mitatu, waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa na unene uliokithiri kwa asilimia 15.7, na waliozaliwa kwa njia ya kawaida kwa asilimia 7.5. Mwaka 2016 ukaja utafiti mwingine wa Marekani wenye watoto zaidi ya 22,000, wote wakiwa ni wana wa wauguzi. Kwa jumla hatari ilizidi kwa asilimia 15 kwa waliozaliwa kwa upasuaji. Watafiti hao walilinganisha pia ndugu wa mama mmoja, mmoja kazaliwa kwa upasuaji na mwingine kwa njia ya kawaida, na tofauti ikaonekana hata hapo.

Magazeti yaliandika, na habari zikafika mpaka kwenye majumba yetu. Lakini hazikufika zote.

Mwishoni mwa mwaka 2019 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya vijana wa kiume 97,291 waliozaliwa kati ya 1982 na 1987, ambao walipimwa wakiwa na miaka kama 18 walipoitwa kukaguliwa kwa ajili ya jeshi. Waliozaliwa kwa njia ya kawaida, asilimia 4.9 walikuwa na unene uliokithiri. Waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa kati ya asilimia 5.5 na 5.6. Tofauti ni ndogo, na ilipohesabiwa uzito wa mama kabla ya mimba, tofauti hiyo karibu yote ilitoweka.

Hapa ndipo penye fundo, na wanafunzi wetu walizingatie. Mama mwenye uzito mkubwa, au mwenye kisukari cha mimba, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupasuliwa. Mama huyo huyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtoto atakayenenepa, kwa sababu mtoto hurithi maumbile ya wazazi na hula katika chungu kile kile cha nyumbani. Ukiwaona wanaokwenda na miamvuli na ukaiona njia ina matope, usiseme miamvuli ndiyo iliyoleta matope. Mvua ndiyo iliyoleta vyote viwili. Hata kulinganisha ndugu hakumalizi swali, kwani mama mmoja anaweza kuongezeka uzito kati ya mimba ya kwanza na ya pili.

Kuhusu vijidudu pia, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliochunguza watoto 596 ulithibitisha kwamba tofauti ipo wiki za mwanzo, lakini mtoto anapofika miezi sita hadi tisa sehemu kubwa ya tofauti hiyo huwa imeondoka.

Kwa hiyo kauli ya haki ni hii: uhusiano umeonekana katika baadhi ya tafiti, haujathibitishwa kuwa kupasuliwa ndiko kunakoleta unene, na hata kama kunachangia, mchango wake ni mdogo ukilinganisha na uzito wa mama, chakula na mwenendo wa nyumba.

Tunatoa tahadhari moja. Mwaka 2016 palifanyika jaribio dogo la kuwapangusa watoto wanne wa upasuaji kwa kitambaa chenye majimaji ya njia ya uzazi ya mama zao, na habari zake zikaenea. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilishauri jambo hilo lisifanywe nje ya utafiti, kwani mtoto anaweza kuambukizwa maradhi. Tafadhali asilifanye mtu nyumbani.

Tufanye nini sisi wazazi?

Kwanza, daktari au mkunga akisema mama anahitaji kupasuliwa, tusimcheleweshe kwa hofu ya unene. Mume na wakwe wasikae kikao mpaka alfajiri huku mtoto anachoka. Na ikiwa hakuna sababu ya kiafya, tusiombe kisu kwa ajili ya wepesi, kwani upasuaji una hatari zake kwa mama na kwa mimba zinazofuata. Tuna haki ya kumuuliza daktari sababu, na yeye ana wajibu wa kutueleza.

Pili, mtoto anyonyeshwe mapema, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, hata kama kazaliwa kwa upasuaji. Mama aliyepasuliwa ana maumivu na hawezi kugeuka, basi dada, mama mkwe au mume amsaidie kumshika mtoto. Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji ya sukari wala uji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka miwili. Muda huo wa miaka miwili tunaujua kutoka Surat al-Baqara, aya ya 233, na wataalamu wa afya nao wanausia kipindi hicho au zaidi.

Tatu, tusimpe mtoto dawa za antibayotiki za kununua dukani kila anapokohoa. Nne, tuache kusifia ubonge. Kwetu mtoto akiwa mnene tunasema ana afya, na akiwa mwembamba tunamsikitikia. Kadi ya kliniki ndiyo inayosema kweli, tumpeleke apimwe. Tano, soda na chipsi zisiwe ndiyo zawadi ya kila siku, na mtoto apate nafasi ya kukimbia. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya televisheni au simu zaidi ya saa moja kwa siku.

Mambo hayo yote yanamfaa mtoto wa upasuaji na mtoto wa njia ya kawaida sawasawa.

Na kwa akina mama mliopasuliwa, tunawaambia kwamba mmezaa. Mmebeba mimba miezi tisa, mkalala chini ya kisu ili mwanenu aishi. Yule msichana wa Kahura alifungwa tumbo kwa misumari saba na hakuna aliyesema hakuzaa. Basi tukienda kumpa hongera mzazi, twende na uji, twende na mikono ya kufua na kupika, na yale maneno ya "kapasuliwa" tuyaache mlangoni.

Tunamuomba Allah awape wepesi wajawazito wote, awaponye walio na vidonda, na awakuze watoto wetu katika afya njema. Amin.